"Nimeibiwa begi" siyo "I was stolen": kuhusu steal, rob na ndugu zake

Swali la msomaji:

"Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nimetokea Morogoro, nina miezi minne hapa Liverpool. Juzi nilikuwa stesheni nasubiri treni, begi nimeliweka kiti cha pembeni, nikainama kutafuta pa kuchajia simu, kuinuka begi hakuna. Ndani kulikuwa na kompyuta na koti. Nikamfuata polisi nikamwambia 'I was robbed', akashtuka kweli, akaanza kuniuliza walikuwa wangapi, walikuwa na kisu, umeumia wapi. Nikamwambia sijaona mtu, akaniangalia kama vile nimemtania. Usiku nikawaandikia watu wa bima 'I was stolen my bag', mwenzangu ninayekaa naye kusoma akacheka mpaka akakaa chini. Lakini yeye huyohuyo kitu chake kikipotea anasema 'someone robbed it'! Kamusi ya kwenye simu inasema steal ni kuiba, rob ni kuiba. Sasa tofauti iko wapi? Na je, nimetoa taarifa ya uongo polisi? Naogopa isije ikanigusa kwenye viza."

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kompyuta inauma ila koti kwa baridi ya huko nadhani linauma zaidi.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hujatoa taarifa ya uongo. Uongo unataka nia ya kudanganya, na wewe ulivyoulizwa tu ukasema hapohapo kwamba hujaona mtu, yaani neno ulilokosea ni moja lakini habari uliyotoa ni ya kweli. Askari wa mji kama huo anaongea na wageni kila siku, alichoshtuka ni kwamba ulitumia neno linalomfanya atafute mtu mwenye kisu karibu na hapo mlipo. Ila lisibaki hivyo kwenye karatasi, nitakwambia cha kufanya huko mwishoni, kwanza tuelewane kwenye lugha maana ukielewa hapa hutakosea tena.

Watu wengi ninaowafundisha wana imani moja, kwamba steal ni wizi mdogo na rob ni wizi mkubwa. Ukichukua kalamu ume-steal, ukichukua mamilioni ume-rob. Inaingia akilini kweli lakini siyo. Chukua mfano wa Hatton Garden, London, sikukuu ya Pasaka mwaka 2015. Wazee, wengine wameshavuka miaka 70, waliingia jengo lenye makasha ya kuhifadhia vito, wakatoboa ukuta mnene wa zege kwa mashine, wakaondoka na vitu vilivyokadiriwa karibu pauni milioni 14. Hawakumgusa mtu. Mahakamani walihukumiwa kwa kula njama ya burglary, neno robbery halikuingia. Sasa nenda nyuma mpaka tarehe 8 Agosti 1963, treni ya posta iliyokuwa inatoka Glasgow kwenda London ikasimamishwa usiku kule Buckinghamshire, zikachukuliwa pauni milioni 2.6. Ile mpaka leo inaitwa Great Train Robbery na ni robbery kweli, kwa sababu dereva Jack Mills alipigwa na chuma kichwani. Hawakuwa hata na bunduki. Kwahiyo usihesabu hela, angalia kama kuna mtu aliyeumizwa au kutishwa.

Kwa sheria ya Uingereza na Wales, ile ya mwaka 1968 inayoitwa Theft Act, theft ni kuchukua mali ya mwenzio bila uaminifu ukiwa na nia asiipate tena, basi. Robbery ni hiyohiyo theft ila imeongezewa nguvu au vitisho, kabla kidogo ya kuchukua au wakati wa kuchukua. Na adhabu zinaachana kabisa, theft mwisho miaka 7, robbery inaweza kufika maisha. Sisi tunalo jambo hilohilo kwa Kiswahili, tunatofautisha wizi na unyang'anyi, na Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha unaanzia miaka 30 jela. Kwahiyo ulipomwambia askari "I was robbed" alisikia "nimenyang'anywa", na mtu aliyenyang'anywa unategemea awe ameona sura, au walau mkono.

Hiyo ni sheria. Sasa sarufi, na hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia, na siyo kwa ujinga, ni kwa sababu Kiswahili chetu kina akili fulani ambayo Kiingereza hakina.

Kila wizi una pande tatu, mwizi, mali, na mwenye mali. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa wote kinabadilisha mkia tu. Kuiba kunaangalia mali, ameiba begi. Ukichomeka kile ki-i kidogo inakuwa kuibia, na jicho linahama linamwangalia mwenye mali, ameniibia begi. Ukitaka kuona nguvu ya hako ka-i chukua sentensi hizi mbili: "mtoto ameibwa" na "mtoto ameibiwa". Ya kwanza mtaa mzima unatoka nje na tochi, ya pili labda ni viatu vyake. Herufi moja tu lakini ni habari mbili tofauti kabisa. (Najua mtaani tunasema gari limeibiwa wakati tunamaanisha limeibwa, hata mimi nasema, na nadhani matatizo mengine yanaanzia hapo maana tumeshaacha kusikia tofauti.)

Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo. Kinachofanya ni kutumia kitenzi kingine kabisa. Steal anaangalia mali tu, kinachokuja baada yake lazima kiwe kitu kilichobebwa, halafu mwenye mali anasogezwa pembeni na kuwekewa from. Somebody stole my bag. They stole it from me. Rob yeye anamwangalia mwenye mali, au mahali, na mali inawekwa nyuma kwa of. They robbed me. They robbed me of my bag. They robbed the bank, na benki iko palepale ilipo, wamebeba hela. Ukisema "they stole the bank" umesema wamelibeba jengo.

Sasa rudi kwenye sentensi yako. "I was stolen" kwa sikio la Mwingereza ni "niliibwa", ni wewe uliyebebwa begani ukapelekwa kusikojulikana, ndio maana mwenzio alikaa chini. Wewe ulichukua "nimeibiwa begi" ukaivika maneno ya Kiingereza moja baada ya lingine, mimi nimeibiwa begi, I was stolen my bag, na kimantiki ulikuwa sawasawa kabisa, ni vile tu Kiingereza hakikubali.

Na kuna kubwa zaidi ya hiyo. Wapo wanaojaribu kurekebisha kwa kusema "somebody stole me a bag". Usithubutu. Kile ki-i chetu kina sura mbili, "aliniibia embe" inaweza kuwa alichukua embe langu, na inaweza kuwa alipanda mwembe wa jirani kwa ajili yangu, sisi tunajua kwa mazingira ya mazungumzo. Kiingereza ukiweka mtu katikati kama hivyo, kinabaki na ile maana ya pili tu. Steal me a mango ni kaniibie embe uniletee nile. Kwahiyo ukiandika "somebody stole me a bag" umekiri kwamba kuna mtu amekuibia begi la watu akakupa, umekuwa mpokeaji wa mali ya wizi, na sheria ileile ya 1968 inampa mpokeaji mpaka miaka 14, mara mbili ya mwizi mwenyewe. Huwa nikifika hapo darasani watu wanaamka.

Kipi basi kiseme "nimeibiwa begi" huku "ni" ikibaki mbele kama tulivyozoea, maana sisi tunapenda aliyepatwa na jambo aanze? Kipo. I had my bag stolen. Hiyo ndiyo pacha wa sentensi yetu. Watu wanaiogopa kwa sababu walifundishwa shuleni kwamba I had my hair cut ni nimeagiza nikatwe nywele, wanaona kama wanasema nimeagiza niibiwe. Hapana, kwa mambo mabaya msikilizaji anajua hukuagiza. Nyepesi zaidi ni my bag was stolen, au somebody stole my bag, na hizi mbili zinatosha maisha yako yote.

Huyo mwenzio wa nyumbani naye usimbeze, hajakosea kwa kwao. Liverpool na Ireland watu wanasema kabisa "someone robbed my phone", rob anabeba simu kama vile ni steal. Ni lugha ya mtaani ya pale, nzuri tu, ongea nayo ukiwa naye jikoni, lakini usiipeleke kwenye fomu. Ni kama wewe ungeandika barua ya kazi useme jamaa "kapiga" hela.

Umeuliza pia kuhusu matukio ya kukwapua, hukuandika hapo juu ila ujumbe wako wa pili niliuona, wale wa baiskeli za umeme wanaopita wakinyofoa simu mkononi. Hapa pagumu kidogo. Mtu akikuvuta, mkagombania mkoba, akautoa kwa nguvu, hiyo mahakama za Uingereza zimeshasema inaweza kuwa robbery. Lakini mwaka 2012 ilikuja kesi ya mtu aliyenyakua sigara kutoka vidoleni mwa mwenzie bila kumgusa, majaji wakasema hii ni theft, hakuna nguvu iliyotumika kwa mtu. Kwahiyo simu iliyonyofolewa huna habari mara nyingi inaandikwa theft from the person, na ukitaka kuelezea tu tumia snatch, he snatched my phone, neno zuri hilo, ni kukwapua kabisa kabisa, na halikupeleki popote kisheria mpaka wenyewe waamue.

Burgle nalo lina mlango wake, kihalisi. Ni kuingia jengo usiloruhusiwa kwa nia ya kuiba. Kinachofuata baada ya burgle ni nyumba au wenye nyumba, our flat was burgled, we were burgled, kamwe siyo TV. Wamarekani wanasema burglarize na Waingereza wanawacheka, ila yote mawili yalizaliwa karne ya 19 kutoka burglar, sioni wa kumcheka mwenzie. Na usidhani lazima mlango uvunjwe, Uingereza mtu akiingia kwa mlango uliosahau kuufunga bado ni burglary. Kwetu ni tofauti kidogo na inachanganya ukisoma magazeti ya huku, Kenya kifungu cha 304 na Tanzania kifungu cha 294 vya sheria za adhabu vinamtenganisha aliyevunja mchana, anaitwa housebreaking, na aliyevunja usiku ndio burglary. Hiyo ya usiku tumeirithi kwa Waingereza wenyewe, wao wakaja kuifuta mwaka 1968, sisi tumebaki nayo.

Kwa Marekani utakutana na larceny. Usihangaike, ni theft kwa jina la kizamani, Uingereza walilitupa kwenye sheria hiyohiyo ya 1968, kule bado lipo, New York kwa mfano ukiiba kitu cha zaidi ya dola 1,000 wanaita grand larceny.

Yale mengine ukipata Kiswahili chake hutayasahau. Pilfer ni kudokoa, kale kamtindo ka nyama kupungua kwenye sufuria kabla ya mgeni kufika, au kalamu na karatasi za ofisini kwenda nyumbani kidogo kidogo. Shoplift ni kuiba dukani kwa kujifanya mteja. Pickpocket ni mchomoaji, wale wa kwenye daladala. Loot ni kupora wakati wa vurugu, na neno lenyewe Waingereza walilichukua kwa Kihindi wakati wanatawala India, kwahiyo hata neno la kupora waliondoka nalo. Embezzle ni hela uliyokabidhiwa uitunze ukaila, mhasibu, mweka hazina wa kikoba, ndio upigaji wenyewe huo, au kwa lugha ya mahakamani ni wizi wa kuaminiwa. Huwezi ku-embezzle hela ya mtu asiyekukabidhi. Con, scam, swindle hizo zote ziko chini ya utapeli, na tofauti na nyingine ni kwamba unampa mwenyewe kwa mkono wako. Con ni kifupi cha confidence, mwaka 1849 New York alikamatwa jamaa anaitwa William Thompson, alikuwa anavaa vizuri anamsimamisha mtu asiyemjua, wanapiga stori, halafu anamuuliza una imani nami kiasi cha kuniachia saa yako mpaka kesho? Na watu walikuwa wanampa! Gazeti likamwita confidence man, ndio con man wa leo.

Na wewe kwa kuwa ni mwanafunzi lipo moja litakalokuhusu kuliko yote, plagiarism, kuchukua maandishi ya mwenzio ukayaita yako. Limetoka Kilatini plagiarius, ambaye alikuwa ni mtekaji watu. Chuo chako nadhani kimeshakusomea kurasa nzima kuhusu hilo.

Kinachonisaidia mimi kukumbuka steal na rob ni asili zake. Steal ana undugu na stealth, kunyata. Ndio maana wanasema steal a glance, na sisi tunasema kumtazama mtu kwa kuibia, wazo lilelile. Rob ana undugu na robe, joho, kwa sababu zamani nyara kubwa ilikuwa nguo, ukimshinda mtu unamvua. Basi mmoja ananyata, mwingine anakuvua nguo ukiwa unamwona. Wewe begi lako limenyatiwa.

Kuna mahali hayo yote hayafuatwi na usishangae. Timu ikifungwa kwa penalti ya utata mashabiki wanapiga kelele "we were robbed" na hakuna aliyeshikiwa kisu. Bei ikiwa ya kukomoa wanasema daylight robbery, kama sisi na wizi wa mchana kweupe. Bei ikiwa ya kutupa wanasema it's a steal. Na matamshi angalia, sisi a na o za Kiingereza zinatusumbua, rob ukiitamka kama rub umesema amekuchua, "he rubbed me at the station", polisi atakuwa na maswali mengine kabisa.

Haya, la kufanya sasa. Ulipotoa taarifa ulipewa namba ya kesi, wanaiita crime reference number. Itumie, piga 101 ambayo ni namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura, au kama wanaoshughulikia ni polisi wa reli watumie meseji kwenda 61016, useme unataka kurekebisha maelezo. 999 iache, ile ni ya hatari inayotokea muda huohuo. Waambie tu ulitumia neno robbed kwa kutokujua, hakuna aliyekutisha, begi lilichukuliwa ukiwa hujaangalia. Halafu bima uwaandikie maelezo yaleyale, yasipishane na ya polisi hata chembe.

Hapa kwenye bima nikwambie ukweli usioupenda. Bima nyingi zina kipengele cha mali iliyoachwa bila mwangalizi, na wewe ulikuwa umeinama, watakuuliza begi lilikuwa umbali gani na uliliacha dakika ngapi. Robbery mara nyingi inalipwa kirahisi zaidi, na lazima kuna mjuaji atakuja kukwambia acha neno robbed libaki hapohapo utalipwa. Usimsikilize. Jana lilikuwa kosa la lugha, kuanzia leo ukiliacha makusudi wakati unajua maana yake ni udanganyifu kwa ajili ya hela, na hilo ndilo ambalo kweli linaweza kugusa viza. Bora wakukatalie kompyuta.

Kama polisi watakuita uandike maelezo marefu, au bima wakaanza kukuhoji kwa simu, usiende na Kiingereza cha kuunga. Kwa polisi, mwenye kuibiwa Uingereza ana haki ya kuelewa na kueleweka, inakuwa pamoja na mkalimani, unaomba tu, useme Swahili interpreter, hulipi. Na ikitokea barua yoyote inayosema wanatilia shaka maelezo yako, acha kunitafuta mimi, nenda kwa miguu ofisi ya ushauri ya wanafunzi hapo chuoni, kukiwa na suala la viza watakuelekeza kwa mwanasheria wa uhamiaji. Mimi ni mwalimu wa lugha, sheria naijua kwa kutafsiri.

Kwa bima unaweza kuandika hivi, nimekuwekea iwe fupi: "My bag was stolen at the station while I was looking for a socket to charge my phone. It was on the seat next to me. I did not see who took it. In my first email I used the wrong words because English is not my first language."